Kadi feki za wachezaji: kabla hujatoa hela, mtafute ndugu yake



Leo siasa tuipe mapumziko kidogo. Nataka tuongelee kitu ambacho vijana wengi mnakutana nacho mkiwa kafe au kwenye simu, halafu mnabaki kujiuliza kama ni dili au kanyaboya: kadi za wachezaji.

Kwa asiyezijua, ni zile kadi ndogo za karatasi ngumu, mbele picha ya mchezaji, nyuma takwimu zake. Wamarekani wanazikusanya tangu enzi za mababu zao, zilianza kuwekwa kwenye pakiti za sigara na baadaye za bazoka. Siku hizi zinauzwa dunia nzima. Ukiingia eBay au kwenye makundi ya Facebook unazikuta kwa maelfu, na kila mara kuna ile moja yenye bei ya kukufanya uanze kupiga mahesabu: Jordan dola 150, Curry dola 40, "nauza haraka, nina shida".

Mahesabu hayaji bure. Agosti 2022 kadi ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle, iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952, iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 12.6. Januari 2021 kadi ya Michael Jordan ya kampuni ya Fleer, mfululizo wa 1986-87, iliyokuwa safi bila kasoro, ilikwenda kwa dola 738,000. Karatasi hiyo, wadau! Karatasi unayoiweka kwenye mfuko wa shati!

Sasa panapokuwa na hela ya namna hiyo matapeli nao hawalali. Na ubaya wa kadi ni huu. Simu feki zilipozimwa, Kenya mwaka 2012 na Tanzania mwaka 2016, mwenye nayo alijua siku ileile kwamba kaingizwa mjini. Kadi feki haina mtu wa kuizima. Inaweza kukaa droo miaka kumi, wewe ukijua una akiba, unawahadithia na watoto. Siku umebanwa na ada au matibabu unaitoa ukauze, ndipo unaambiwa umetunza karatasi ya printa.

Kwa hiyo ukaguzi ni kabla ya kununua. Baada ya hapo ni kilio tu.

FEKI SIO ZA AINA MOJA

Wengi wakisikia feki wanafikiria kadi iliyochapwa upya tu. Hiyo ni aina moja. Zipo nyingine, na kila moja ina mtego wake.

1. Iliyochapwa upya yote. Mtu anachukua kadi halisi, anaiskani, anachapa mia. Hizi ndizo nyingi.

2. Riprinti halali inayouzwa kama ya zamani. Kampuni zenyewe huwa zinatoa upya kadi zao za kale kwa ajili ya kumbukumbu. Mwaka 1983 Topps walirudia mfululizo wao wa 1952, ule wenye Mantle. Nyuma wakaandika wazi kwamba ni riprinti. Tapeli anakwangua maandishi hayo, anaichubua kidogo ionekane ya kizee, anaingia sokoni.

3. Kadi halisi iliyochezewa. Kingo zimekatwa ili kona zionekane kali, au rangi iliyobanduka imepakwa kalamu. Mfululizo wa Topps wa besiboli wa 1971 una pembezoni nyeusi zinazochubuka haraka, kwa hiyo zilizopakwa rangi ya kalamu ni za kumwaga.

4. Sahihi feki na vipande vya jezi feki. Kuna kadi zinazobandikwa kipande cha jezi. Tapeli anatoa kile cheupe cha kawaida, anaweka cha rangi tatu, bei inapanda.

5. Kasha feki. Kuna kampuni zinazokagua kadi, zinaipa alama na kuifungia kwenye plastiki gumu. Tapeli anaghushi plastiki na lebo.

6. Pakiti au boksi lililofunguliwa, likatolewa kadi nzuri, likafungwa upya. Mwaka 2021 yule Mmarekani maarufu wa YouTube, Logan Paul, alinunua makasha ya kadi za Pokemon kwa dola milioni 3.5. Mzigo ulikuwa umeshapitiwa na wataalamu. Januari 2022 ukafunguliwa: ndani kadi za G.I. Joe. Hiyo ni Pokemon sio michezo, lakini ujanja ni uleule.

KADI INACHAPWAJE

Hapa naomba utulivu kidogo, kwa sababu ukielewa hili mengine yote yanakuwa rahisi.

Picha ya rangi haichapwi kwa rangi elfu moja. Kiwandani wanatumia wino wa aina nne: bluu ya maji, waridi iliyokolea, njano na nyeusi. Kila wino unapigwa kwa nukta ndogo ndogo ambazo jicho peke yake halizioni. Ukiziangalia kwa lenzi unaona zimejipanga kwa mpangilio, kama viua vidogo vilivyobanana. Jicho likiwa mbali linazichanganya, linaona ngozi, jezi, uwanja.

Lakini majina, mistari na nembo mara nyingi havipigwi kwa nukta. Vinapigwa kwa wino mzito uliolala sawasawa. Herufi nyeusi inakuwa nyeusi tii, ukingo wake mkali kama umekatwa kwa wembe.

Sasa mghushi hana zile sahani za kiwandani. Ana skana. Skana haijui kwamba hii ni picha na hii ni herufi. Inachukua vyote kama picha moja, na printa inavigeuza vyote kuwa nukta. Ndiyo maana ukiweka lenzi kwenye jina la mchezaji kwenye kadi feki, herufi unazikuta zimetengenezwa kwa vinukta vya rangi, kingo zina ukungu. Ikiwa imechapwa kwa printa ya wino ya ofisini unaona matone yaliyotawanyika ovyo, kama mtu kapiga chafya.

Lenzi yenyewe sio kitu cha kuagiza Ulaya. Ile anayoweka jichoni fundi saa au sonara inatosha. Inayokuza mara 10 inafanya kazi, ya mara 30 ni nzuri zaidi.

MTAFUTE NDUGU YAKE

Hapo juu nimesema "mara nyingi". Kuna kadi halisi ambazo pembezoni zake zimechanganywa rangi mbili, kwa hiyo hata halisi ina nukta pale. Mtu mwenye lenzi asiyejua hilo anaweza kuiita feki kadi nzima ya watu. Sasa utajuaje?

Jibu ndilo hili, na kama utasahau mengine yote, hili libaki: usiikague kadi ya bei mbaya ikiwa peke yake. Tafuta ndugu yake wa bei rahisi, uwaweke pamoja.

Kadi hazizaliwi moja moja. Zinachapwa kwenye karatasi kubwa yenye kadi nyingi, halafu zinakatwa. Mfululizo wa Fleer wa 1986-87 una kadi 132, Jordan ni namba 57. Wale wengine wengi ni wachezaji wa kawaida, kadi zao unazipata kwa dola chache. Karatasi ileile, wino uleule, kiwanda kilekile. Hakuna mtu anayehangaika kughushi kadi ya dola tatu ya mchezaji ambaye hata jina lake limesahaulika. Kwa hiyo huyo ndiye shahidi wako.

Mfano wa karibu na sisi ni huu. Mwaka 2009 kijana wetu wa Dar, Hasheem Thabeet, alichaguliwa namba mbili kuingia NBA, akachukuliwa na Memphis Grizzlies, Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile. Mwaka huohuo namba saba alikuwa Stephen Curry. Kwa hiyo wote wawili wamo kwenye mfululizo wa Topps wa 2009-10, wote kama wachezaji wapya. Kadi ya Curry, namba 321, inasakwa kama lulu na feki zake zimejaa. Ya Thabeet ya kawaida ni ya bei ya mchicha. Unaona dili lilipo? Kadi ya Thabeet ni kumbukumbu ya kwetu, halafu ni kipimo cha kumkamatia Curry wa bandia. Unene, mng'ao, herufi za nyuma, weupe wa karatasi: alivyo huyu ndivyo anavyotakiwa awe yule.

VIPIMO VYA MKONONI

Kama kadi iko mbele yako na ndugu yake unaye, fuata mpangilio huu.

Kipimo cha rula. Kadi nyingi za kisasa zina inchi 2.5 kwa 3.5, yaani kama milimita 63.5 kwa 89, kubwa kidogo kuliko kadi ya benki. Lakini za zamani zinatofautiana, na hapo ndipo matapeli wanapoumbuka. Topps ya 1952 halisi ni kubwa zaidi, karibu milimita 67 kwa 95. Ile riprinti ya 1983 ina ukubwa wa kawaida wa siku hizi. Kwa hiyo Mantle wa 1952 mwenye milimita 89 hahitaji mtaalamu, rula ya shule imemmaliza. Kadi ambayo ni fupi kuliko ndugu zake kwa milimita moja nayo iulizwe: imekatwa?

Kipimo cha vidole. Noti bandia mara nyingi unaijua kwa mkono kabla ya macho. Na kadi ni hivyohivyo. Shika ya uhakika, shika ya mashaka, funga macho. Feki nyingi ni laini mno kama karatasi ya kalenda, au zina utelezi ambao ndugu yake hana.

Kipimo cha mizani. Ile mizani ndogo ya sonara inayosoma mpaka sehemu za gramu. Usitafute namba mtandaoni, pima ndugu yake kwanza halafu mpime yeye kwenye mizani ileile.

Kipimo cha mwanga. Weka tochi ya simu nyuma ya kadi moja, halafu ya pili. Mwanga upite kwa kiasi kilekile. Moja ikizuia na nyingine ikiangaza kama taa ya kandili, karatasi ni tofauti.

Kipimo cha taa ya noti. Ile taa ya bluu wanayokagulia noti kaunta. Viwanda vya karatasi vilianza kutumia sana dawa za kung'arisha weupe baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo kadi inayodaiwa kuwa ya mwaka 1910 ikiwaka weupe wa bluu chini ya taa hiyo, karatasi yake ni ya juzi tu. Taa hiyohiyo inasaidia kuonyesha sehemu zilizopakwa kalamu au gundi.

Kipimo cha lenzi, kama nilivyoeleza. Anza na jina la mchezaji, nenda kwenye nembo, malizia na maandishi madogo ya nyuma. Kwa Jordan wa Fleer watu wengi huanzia kwenye nembo ya kampuni pale juu kulia: kwenye feki maandishi yake yanavimba na kuwa na ukungu. Kama ni kadi ya Upper Deck, ambao walianza 1989, nyuma kuna kihologramu kidogo walichokiweka makusudi kupambana na feki. Kigeuze kwenye mwanga. Kama hakibadiliki, umeshajibiwa.

Halafu kuna vipimo vya vijiweni: kuikunja kadi, kuilowesha, kuchana kidogo ukingoni. Achana navyo. Ikiwa ya kweli umeiua mwenyewe, na muuzaji atakudai.

KADI IKO MBALI, WEWE UKO KAFE

Najua wengi wenu ndipo mlipo. Kadi iko Ohio, wewe uko Mwanza, Mombasa au Lubumbashi. Lenzi haifiki huko. Kinachofika ni picha, basi zifanye picha zikufanyie kazi.

Omba picha mpya, kadi ikiwa imetoka kwenye mfuko wake, pembeni pana karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Omba ya nyuma. Omba kona zote nne kwa karibu. Omba moja kadi ikiwa imelala pembeni ya rula. Omba video fupi akiigeuza kwenye mwanga. Mwisho omba hii: picha ya kadi hiyo ikiwa pamoja na kadi nyingine yoyote ya mfululizo uleule. Aliyekusanya miaka mingi atakuwa nazo kibao, atakupigia kwa dakika mbili. Tapeli aliyechapa Jordan hamsini hana huyo mchezaji wa dola tatu, hakuona sababu ya kumchapa.

Chukua picha alizoweka, zitafute kwa Google kwa kutumia picha yenyewe. Ukikuta picha ileile kwenye tangazo la mtu mwingine la miaka mitatu nyuma, funga ukurasa.

Halafu bei. Usiangalie bei watu wanayoomba, angalia bei watu waliyolipa. eBay kuna sehemu ya kuchuja uone vilivyokwishauzwa tu. Kadi ya Jordan namba 57, hata iliyochoka na kona kulegea, kwa miaka ya karibuni imekuwa ikiuzwa zaidi ya dola elfu moja. Sasa jiulize, huyu wa dola 150 ana upendo gani na wewe? Wahenga walishamaliza: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Soma na maneno ya tangazo. "Sijui kama ni orijino, nimeikuta kwenye vitu vya marehemu babu" maana yake ni kwamba anajua vizuri sana. "Picha ni ya mfano" maana yake hutapata uliyoiona. Herufi "RP" kwenye kichwa cha tangazo ni riprinti, na neno "custom" maana yake mtu kajitengenezea nyumbani. Wanaficha maneno hayo katikati ya mengine ili baadaye waseme walikwambia.

Kwa sahihi, kuza picha. Sahihi ya kalamu inakatiza juu ya picha, wino umekolea pale mkono ulipopunguza mwendo. Sahihi iliyochapwa ina nukta zilezile za picha. Kwa kipande cha jezi, kadi hizo mara nyingi zina namba, mfano 23/99, yaani ya ishirini na tatu kati ya tisini na tisa. Tafuta picha za zamani za kadi yenye namba hiyohiyo. Ukiikuta ilikuwa na kitambaa cheupe na leo ina cha rangi tatu, kuna mtu alipita hapo na wembe.

KASHA SIO TIKETI YA PEPONI

Kampuni za ukaguzi zinazojulikana zaidi ni PSA, iliyoanza 1991, SGC na Beckett. Wanaangalia kama kadi ni halisi, wanaipa alama mpaka 10, wanaifungia na lebo yenye namba. Ni msaada mkubwa, na kwa kadi ya hela nyingi ni bora ununue iliyokwisha kaguliwa. Lakini usilale.

Kwanza, kasha lenyewe linaghushiwa. Mei 2024 waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani huko New York walitangaza kuwashtaki watu wawili kwa mpango wa zaidi ya dola milioni 2. Madai ni kwamba walikuwa wanachukua kadi za hali ya chini na kuziuza kwenye makasha yenye lebo bandia za alama za juu.

Pili, namba iliyo kwenye lebo inaweza kuwa ya kweli kabisa! Tapeli anaikopi kutoka kwenye kasha la mtu mwingine. Unaingia kwenye tovuti ya PSA, unaandika namba, inakubali, unashangilia. Hapana, ngoja. Kama tovuti inaonyesha picha ya kadi yenye namba hiyo, linganisha na unayouziwa: picha imekaa katikati au imeegemea upande? Kuna kidoa? Kona ipi imechoka? Kila kadi ina alama zake kama alama za vidole. Zisipofanana, namba ni ya mwenzio. Kasha nalo lina ndugu zake: mwandiko wa lebo, mpangilio wake, viungo vya plastiki. Tafuta picha za makasha ya kipindi hicho uone kama yanafanana.

Tatu, wakaguzi ni binadamu. Kadi ya kwanza kabisa kukaguliwa na PSA mwaka 1991 ilikuwa ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli, ya mfululizo uliotoka kati ya 1909 na 1911 na sigara. Wakati huo ilikuwa ya Wayne Gretzky, yule nyota wa hoki, na mwenzake. Ikapewa 8. Mwaka 2007 ikauzwa dola milioni 2.8. Miaka mingi watu walinong'ona kwamba kingo zake ni nzuri kupita kiasi. Mwaka 2013 Bill Mastro, mtu mkubwa kwenye minada ya vitu hivyo, akiwa anakiri kosa la ulaghai kwenye minada yake, alikubali pia kwamba aliikata kadi ile pembeni. Mwaka 2015 akahukumiwa miezi 20 jela. Kadi maarufu kuliko zote ilichezewa na ikapita. Ya kwako ya dola 200 ni nani ataililia?

HELA INAVYOTOKA

Hapa ndipo wengi wanalizwa hata baada ya kukagua vizuri.

Lipa kwa njia yenye mtu wa katikati. PayPal ina malipo ya bidhaa na ina malipo ya kutumiana ndugu na marafiki. Muuzaji akikwambia tumia ya marafiki "ili tukwepe makato", anachokwepa ni wewe kurudishiwa hela, maana malipo hayo hayana ulinzi wa mnunuzi. Na ukimtumia mgeni pesa kwa simu, hakuna anayeishikilia mpaka mzigo ufike. Ikishaingia kwake, imeingia.

La mwisho, na hili linatuhusu sana. Wengi wetu tunanunua kupitia ndugu aliyeko Marekani au Uingereza. Mzigo unafika kwake, unakaa mpaka apatikane mtu wa kuja. Sasa eBay wanakupa siku 30 tangu mzigo ufike kulalamika kwamba kitu sicho. Zinahesabiwa tangu ufike kwa binamu, sio kwako. Kadi ikikaa kabatini kwake miezi miwili, siku inatua Dar haki yako ya kulalamika imeshazikwa. Kwa hiyo mwambie mapema: "Kaka, ukipokea tu nipigie video." Mtumie na ndugu wa bei rahisi wa mfululizo ule, dola tatu tu, awaweke wawili mezani muwaangalie pamoja. PayPal wao wanatoa siku 180 tangu siku uliyolipa, lakini usizitumie kama kisingizio cha kuchelewa.

Na kama imeshatokea umeuziwa feki na hela haikurudi, iandike nyuma kwa wino kwamba ni feki, ibaki nayo. Usimpasie mwenzio. Ukishajua halafu ukauza, tapeli sio yule wa Ohio tena, ni wewe.

Kununua kadi sio dhambi. Kuna raha yake, na kama unampenda Thabeet, au Bismack Biyombo wa Lubumbashi, kadi ya dola chache ni kumbukumbu nzuri. Ila bei ikipanda, usikubali kuonyeshwa kadi moja peke yake. Kila kadi ya kweli ina ndugu: kwenye mfululizo wake, kwenye picha za zamani, kwenye tovuti ya mkaguzi, kwenye orodha ya bei zilizolipwa. Isiyo na ndugu hata mmoja, iache ipite.

Mwenye nyongeza au swali atupie hapo chini. Mwenye picha ya kadi anayoitilia shaka aiweke tuiangalie wote, ila afiche namba za simu na majina ya watu.

Nawakilisha.